Majaji, tiketi au uwanja wazi: kwa nini matamasha ya muziki wa asili hayafanani

Swali la msomaji:

"Mimi ni katibu wa kikundi cha ngoma hapa Magu, mkoani Mwanza. Tunataka kuanzisha tamasha la muziki wa asili la kata zetu, lifanyike baada ya mavuno. Kamati imegawanyika. Vijana wameona kwenye simu tamasha la Ireland ambako watu wanapiga muziki barabarani, hakuna jukwaa wala kiingilio. Mjumbe mmoja alisoma Kenya, anataka majaji na alama kama kule mashuleni. Mwenyekiti aliwahi kwenda Zanzibar, anataka jukwaa, taa na tiketi. Wazee wanasema ngoma bila mashindano haina maana. Kwa nini nchi zinatofautiana kiasi hiki, na sisi tushike njia ipi? Pia, tuwaruhusu watu kurekodi?"

Jibu:

Ndugu Katibu, kamati yako inabishana juu ya majaji, jukwaa na tiketi, lakini naona kuna swali linalotangulia hayo yote: mnaogopa kupoteza nini? Katika miaka yangu ya kufundisha na kufuatilia muziki wa asili, sijapata njia bora zaidi ya kuelewa tamasha la nchi yoyote. Karibu kila moja lilianzishwa na watu walioona kitu chao kinatoweka, na kanuni zake zikatungwa kukilinda kitu hicho. Nani apande, nani aamue, nani alipwe, lugha ipi itumike, yote yanatokana na hofu ile ya mwanzo. Anayeiga kanuni bila kuwa na hofu hiyo hubaki na kanuni zisizo na kazi.

Nianze na Ireland, kwa sababu video zile zimewaonyesha vijana wako nusu tu ya jambo. Nadhani wameona Fleadh Cheoil. Lilianza mwaka 1951 katika mji wa Mullingar, wakati muziki wa asili wa nchi ile ukiwa umebanwa kila upande. Vijana walikuwa wakihamia Uingereza na Marekani kutafuta kazi. Sheria ya mwaka 1935 ilikuwa imeweka sharti la kibali cha mahakama kwa dansi za hadhara, na wengi wanailaumu kwa kufifisha dansi zilizokuwa zikichezwa majumbani na kwenye njia panda. Wapiga fidla na filimbi hodari walibaki mmoja mmoja vijijini, kila mtu na kwake. Wapiga zumari wa Dublin wakashirikiana na watu wa Mullingar kuunda chama, Comhaltas Ceoltóirí Éireann, na tamasha likawa mahali pa hao waliotawanyika kukutana.

Mashindano yapo, tena makali. Kuna kundi la walio chini ya miaka 12, la miaka 12 hadi 15, la 15 hadi 18, na la watu wazima. Mshindani huanzia kaunti yake, akipita huenda jimbo, kisha fainali ya nchi nzima. Hata watoto wa Kiirishi waliozaliwa Uingereza na Marekani Kaskazini wana mchujo wao huko huko. Ila mashindano haya hufanyika ndani ya kumbi na madarasa, mbele ya majaji, wakati umati uko nje. Baani na barabarani watu wanapiga bila ratiba, anayeujua wimbo anaingia, asiyeujua anasikiliza. Wengi huja na kuondoka bila kukanyaga ukumbi wa mashindano. Na kabla ya siku za fainali kuna shule ya wiki nzima, Scoil Éigse, ambapo mafundi hufundisha fidla, filimbi, akodiani na uimbaji.

Kwa hiyo barabara ile imejaa kwa sababu kuna shule na mchujo nyuma yake. Mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima ili ashindane ndiye huyo anayekaa kwenye kibaraza jioni na kupiga na mzee asiyemjua, maana wote wawili wanazijua nyimbo zile zile. Mkichukua barabara peke yake mkaacha shule, mtapata barabara tupu. Waambie vijana hivyo, na waambie kwa upole, kwa sababu wameona kitu kizuri kweli.

Sasa tazama nchi mbili zinazopakana, zenye ala zinazokaribiana, lakini zimejibu swali lenu la mashindano kwa njia mbili tofauti. Ni Norway na Sweden, na kwangu mimi hakuna mfano unaofundisha zaidi ya huu.

Norway imeyashika mashindano mpaka leo. Shindano lao la kitaifa, Landskappleiken, lilifanyika kwa mara ya kwanza Bergen mwaka 1896. Fidla ya Hardanger, ile yenye nyuzi za ziada chini zinazovuma zenyewe, inashindanishwa peke yake. Fidla ya kawaida nayo ina fungu lake, na uimbaji na uchezaji vivyo hivyo. Kuna hata mcheza ngoma anayeruka na kuidondosha kwa mguu kofia iliyoning'inizwa kwenye fimbo juu ya kichwa cha mtu. Majaji husikiliza namna upinde unavyotembea, mtindo wa bonde lako, na kama unaupiga wimbo jinsi unavyopigwa kwenu. Mashindano yamewasaidia kuweka tofauti za mahali na mahali, kwa kuwa mpigaji hupewa heshima kwa kuwa wa kwao kweli kweli.

Sweden nayo ilianza kwa mashindano. Mwaka 1906 mchoraji maarufu Anders Zorn aliandaa shindano la wapigaji huko Gesunda, katika jimbo la Dalarna, akihofia kwamba nyimbo za zamani zingekufa na wazee wake. Lakini miaka minne baadaye, wapigaji walipokusanywa kwenye makumbusho ya wazi ya Skansen mjini Stockholm, hakukuwa na mshindi wala aliyeshindwa. Kila mmoja alipewa beji aliyoibuni Zorn mwenyewe. Tangu hapo mikutano ya wapigaji nchini humo imekuwa ya kukutana na kupiga pamoja, na wengi wanasema utamu wake uko pembeni, kwenye vichaka na maegesho, ambako watu watano wanaanza na baada ya nusu saa wamekuwa hamsini. Beji bado ipo. Anayeitaka hupiga peke yake mbele ya jopo, na jopo likiridhika kwamba anaufahamu muziki wa mahali pake, baada ya ngazi za chini hupata beji ya fedha na cheo cha mpigaji wa taifa. Hashindani na jirani yake, anapimwa na mapokeo.

Kamati yenu isome aya hizo mbili kwa makini. Wanaopinga mashindano huwa na hofu kwamba mshindi mmoja atawafanya wengine wote wapige kama yeye. Wanaoyataka huogopa kwamba bila mashindano hakuna atakayefanya mazoezi. Hofu zote mbili ni za kweli, na kila nchi ilichagua ile iliyokuwa ikiiuma zaidi.

Nchi nyingine nitazipitia haraka, nikichukua kwa kila moja kanuni ambayo huenda ikawasaidia.

Wales waliogopa kupoteza lugha. Tamasha lao kuu, Eisteddfod ya Taifa, huhama kila mwaka, kaskazini mwaka huu na kusini mwaka ujao, na tangu 1950 shughuli zake rasmi huendeshwa kwa Kiwelshi tu. Mshairi bora hupewa kiti kilichochongwa kwa ajili ya mwaka ule, akaondoka nacho nyumbani. Majaji wakiona hakuna shairi linalostahili, kiti hakitolewi kwa mtu yeyote. Naipenda kanuni hiyo. Mashindano yetu mengi hulazimika kumtangaza mshindi hata pale ambapo kila aliyekuwepo anajua hakukuwa na kazi ya maana.

Estonia ilikuwa na jambo zito zaidi. Walipofanya tamasha lao la kwanza la nyimbo mjini Tartu mwaka 1869, walikuwa taifa dogo ndani ya Dola ya Urusi, na mwaka huo walikuwa wakiadhimisha miaka 50 tangu wakulima wa eneo lao waachiwe kutoka utumwa wa mashamba ya mabwana. Kitu walichohitaji ni kusikia wenyewe kwamba wapo. Ndiyo maana mpaka leo tamasha lao, linalofanyika takriban kila miaka mitano, halina nyota. Kwaya kutoka kila kona hujifunza nyimbo zile zile kwa miezi mingi, kisha waimbaji wapatao 30,000 husimama chini ya paa kubwa la duara mjini Tallinn na kuimba pamoja. Wakati wa utawala wa Kisovieti uwanja huo huo ulitumika kuimba nyimbo zilizokuwa zimekatazwa, na mwaka 1988 mamia ya maelfu ya watu walikusanyika pale kudai nchi yao. Uhuru ulirudi Agosti 1991. Kwa ukali wa istilahi, nyingi ya nyimbo hizo ni za kwaya zilizotungwa na kuandikwa, si zile za mababu. Lakini ukitaka kujua muziki wa watu unaweza kufanya kazi gani, Estonia haikwepeki. Latvia ilianza ya kwake mwaka 1873 na Lithuania 1924, na UNESCO inayatambua matamasha ya nchi zote tatu kwa pamoja.

Bulgaria wana Koprivshtitsa, mji mdogo wa milimani, ambako tangu 1965 watu wasio wasanii wa kulipwa hukusanyika takriban kila miaka mitano. Kuna mchujo mikoani kwanza. Unaimba cha kijijini kwenu, jinsi kinavyoimbwa kijijini kwenu, na watafiti wapo wanarekodi. Hofu yao ilikuwa vikundi vya serikali vya mijini, vyenye mavazi yaliyoshonwa sare na muziki uliopangwa upya kwa ajili ya jukwaa. Hatari hiyo sisi Watanzania tunaifahamu. Ngoma ya kijiji inachukuliwa, inakatwa iwe dakika saba, mstari unanyooshwa, na baada ya miaka watoto wa kijiji kile kile wanaicheza kama walivyoiona kwenye sherehe za kitaifa.

Marekani suala limekuwa umaarufu na fedha. Tamasha la muziki wa asili la Newport lilianza 1959. Lilipopangwa upya mwaka 1963 kama shirika lisilo la faida, waandaaji, akiwemo mwimbaji Pete Seeger, waliamua kila msanii alipwe dola 50, awe nyota wa redio au mkulima aliyetolewa milimani na banjo yake. Mwaka 1967 taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ikaanzisha tamasha lake Washington, bure kabisa, ambapo mwanamuziki hukaa jirani na mpishi na mfinyanzi, na mtazamaji anaweza kuwauliza maswali. Malipo sawa ndiyo ninayotaka myachukue. Vikundi vingi vya ngoma nilivyovifahamu vilivunjika kwa sababu ya bahasha, wala havikuvunjika kwa sababu ya sanaa.

Nije kwa majirani, kwa sababu hapo ndipo wajumbe wako wawili wamesimama.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, enzi za ukoloni, na limekuwa mtambo mkubwa wa mashule. Mwanafunzi huanzia ngazi za chini, akapanda kaunti, kanda, hadi taifa, na washindi hutumbuiza mbele ya Rais. Sifa yake kubwa ni kwamba mtoto wa Nairobi anaweza kujifunza wimbo wa Waluhya au wa Wagiriama na kuuimba kwa bidii. Udhaifu wake ni karatasi ya alama. Pale alama zinapotolewa kwa mavazi, mpangilio, matamshi na nidhamu ya jukwaa, mwalimu hufundisha yale yanayopewa alama. Muda ni mfupi, kwa hiyo ngoma inayopaswa kupanda taratibu mpaka mchezaji apandwe na mori, inaanzia kileleni. Kwa shule ni sawa, kwa kuwa lengo ni elimu. Kwa wazee wa Magu karatasi hiyo itakuwa tusi.

Sauti za Busara ya Zanzibar ilianza 2004 na ina msimamo mmoja ninaouheshimu sana: kila kinachosikika kinapigwa pale pale, hakuna pleibeki. Lilikuja wakati wasanii wengi walikuwa wakipanda jukwaani na CD na kuchezesha midomo. Ni tamasha la kimataifa, ndani ya Ngome Kongwe, lenye tiketi za bei tofauti kwa wenyeji na wageni, mafundi wa sauti, na wadhamini. Mwenyekiti wako akumbuke hilo la wadhamini. Mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, kisha likarudi 2017. Tamasha la jukwaa na taa halina budi kutafuta hela upya kila mwaka, na siku mdhamini akiondoka, taa zinazimika hata kama wapigaji wote wapo na wako tayari.

Kuna jambo moja la Morocco ambalo linawahusu moja kwa moja. Wagnawa, kizazi cha watu waliopelekwa kule utumwani kutoka kusini mwa Sahara, wana ibada ya usiku kucha yenye muziki wa kupandisha na kutuliza pepo. Tangu 1998 mji wa Essaouira una tamasha lao, na mabingwa wao hupiga viwanjani bure pamoja na wanamuziki wa jazi kutoka duniani kote. Lakini waandaaji wameacha pia nafasi ya vikao vidogo ndani ya zawiya, yaani nyumba za ibada, usiku wa manane, bila mchanganyiko huo. Kwa njia hiyo cha hadhara kinakuwa cha hadhara, na cha ndani kinabaki na ndani yake. Kwenu kuna ngoma za waganga na za vyama vya siri ambazo mtalii atataka kuziona. Wenye ngoma ndio waseme kipi kitoke nje. Kamati isiwaamulie, na serikali pia isiwaamulie. Burundi, ambayo ngoma zake za kifalme zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014, ilitoa amri ya Rais mwaka 2017 iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo na kutaka kibali cha wizara kwa maonyesho. Sioni kama hiyo ni njia ya kuulinda urithi.

Sasa, Magu. Ndugu Katibu, wazee wenu wana haki, na sidhani kama kamati imetambua walichokishika. Usukuma una namna ya kushindana ambayo ni nadra sana duniani. Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyotokana na mabingwa wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hucheza kwa wakati mmoja, kila upande na uwanja wake, na watazamaji wako huru kwenda huku na huku. Hakuna jaji na hakuna alama. Upande utakaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Kwa hiyo kila mtunzi lazima awe na wimbo mpya wenye makali, kila mchezaji lazima awe na kipya cha kuonyesha, awe wa bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe, au wa ngoma ya chatu, la sivyo watu wanakupa mgongo ukiwaona kwa macho yako. Watu hutumia hata dawa za mvuto, na hilo peke yake linaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Norway wana majaji, Sweden wana beji, Kenya wana karatasi. Usukuma imemkabidhi mtazamaji hukumu yote, naye anaitoa kwa miguu.

Hamna haja ya kutafuta mfumo mbali. Na jirani yenu, Bujora, sikukuu ya Bulabo imeonyesha kwa miongo mingi kwamba jambo hili linawezekana hata chini ya mwavuli wa kanisa: padre David Clement aliikutanisha sherehe ya Ekaristi na mashindano ya ngoma, na watu wakaja.

Ushauri wangu basi ni huu. Siku ya mashindano iwe ya uwanja wazi, Bagika na Bagalu kwa pamoja, bila kikomo cha dakika, bila majaji na bila kiingilio. Ukiweka uzio na tiketi, unamzuia yule yule ambaye miguu yake ndiyo hukumu. Fedha ya kuendeshea itoke kwenye vibanda vya vyakula na vinywaji, michango ya kata, na kutunzwa. Mcheza kwao hutunzwa, na hilo liachwe lifanye kazi yake, ila chama kikubaliane mapema kama tunzo ni ya mtu au ya kikundi.

Kutoka Ireland chukueni shule. Siku tatu kabla ya mashindano, mtoto mwenye miaka 8 hadi 15 akae na mzee anayejua kupiga, kutunga na kucheza. Hapa ndipo ningetumia fedha nyingi kuliko mahali pengine popote, nikiwalipa wazee sawa kwa sawa kama Newport walivyofanya. Ukitazama hofu ya wazee wako, naamini utakuta wanaogopa kwamba mtunzi wa mwisho anayeweza kujibu wimbo wa upande wa pili papo hapo atakufa bila mrithi. Jukwaa na taa havitawasaidia kwa hilo. Mjumbe aliyesoma Kenya mpeni kazi hii ya watoto, kwa kuwa ameona jinsi shule zinavyoweza kubeba muziki, na pale mezani kwa watoto alama zake chache hazitamuumiza mtu.

Mwenyekiti asikose jukwaa lake. Usiku mmoja, wa kufungua, vikundi vya mbali na wageni watumbuize jukwaani kwa ratiba. Kuna muziki unaohitaji ukimya na kipaza sauti, na mpiga zeze au mwimbaji wa peke yake humezwa akiwekwa uwanjani. Mfuate mapema afisa utamaduni wa wilaya kwa habari ya vibali na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, msije mkasimamishwa wakati watu wameshaanza kukusanyika.

Kuhusu kurekodi, simu hamtaweza kuzizuia na msijaribu. Lakini mwenye kamera kubwa, kituo cha redio au mtafiti asaini karatasi moja ya Kiswahili kabla ya kuanza: anarekodi nini, itatumika wapi, na nani alipwe ikiuzwa. Sharti la kwanza liwe kwamba nakala kamili inabaki Magu, mikononi mwa kikundi, ikiwa na jina la mtunzi, jina la kijiji na tarehe. Rekodi nyingi za muziki wa Kisukuma ziko kwenye maktaba za Ulaya na Marekani, na wajukuu wa watunzi hawajawahi kuzisikia. Nunueni diski mbili za kuhifadhia kabla ya kununua fulana za tamasha. Moja iwe kwa katibu, nyingine shuleni.